Mzee Habarurema na Swali la Kumi na Nne

Mzee Habarurema husoma karatasi kuanzia nyuma. Ni mazoea aliyotoka nayo Bunagana, mpakani na Uganda, alikofanya kazi miaka ishirini na sita akiwajazia wafanyabiashara karatasi za forodha. Kule mtu wa kazi hiyo huitwa déclarant. Kwa maoni yake, ukurasa wa kwanza umeandikwa ili msomaji asinzie, na jambo lenyewe limefichwa mwishoni. Basi siku mjukuu wake Bénita alipoleta kutoka shule karatasi nne zilizobanwa pamoja, mzee alivaa miwani, akazigeuza, akaanzia ya nne.

Binti yake Béata, mama wa mtoto, alikuwa mlangoni pa nyumba yao ya mbao huko Ndosho, mtaa wa Goma, akimsuka mteja. Alimsikia baba yake akiguna mara mbili, akajua kazi ipo.

"Béata, hawa bantu banataka nini na damu ya mutoto?"

"Damu gani, Papa?"

"Banauliza kundi ya damu. Juu ya nini?"

Ilikuwa fomu ya afya. Bénita, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa amewashinda wenzake wote katika mtihani wa hesabu wa shule za mtaa, na akachaguliwa pamoja na watoto wengine kumi na mmoja wa Goma kwenda Uganda wakati wa likizo kubwa. Wangekaa wiki tatu katika shule ya bweni kando ya ziwa Bunyonyi, wakifundishwa hesabu na kucheza na watoto wa nchi nyingine. Kila kitu kilikuwa kimelipiwa, na hilo peke yake lilitosha kumnyima mzee usingizi. Kulikuwa na maswali kumi na manne. Je, mtoto amechanjwa? Anakojoa kitandani? Ana ugonjwa gani? Anakunywa dawa gani? Anaruhusiwa kuogelea? Na la kumi na nne, ambalo mzee alilisoma mara tatu huku kidole kikifuata mstari: mtoto akiugua na familia isipatikane, nani ana mamlaka ya kuamua matibabu yake, pamoja na upasuaji?

"Upasuaji!" Akaivua miwani. "Banauliza damu, kisha banaomba ruhusa ya kupasua. Mutu anayeomba bile bintu bibili kwa karatasi moja, anatafuta figo."

Mteja, kichwa kikiwa kimesukwa nusu, alicheka. Kisha akakumbuka kwamba na yeye ana watoto, akanyamaza.

Msimdhanie mzee huyu mjinga. Hajui kitu kingine vizuri kama anavyojua karatasi. Kule Bunagana lori likifika, bosi wake alimpa orodha ya mzigo, na kazi ya Habarurema ilikuwa kuipunguza. Palipokuwa na mambo kumi aliandika manne, na penye swali gumu aliandika neno moja la Kifaransa, *néant*, yaani hakuna kitu. Aliliandika kwa mwandiko mzuri wenye mikia, mwandiko wa mtu asiye na la kuficha. Vita vilipomfukuza Bunagana mwaka 2022, alikimbia na begi moja, Béata na mtoto, wakaangukia kambi ya Kanyaruchinya chini ya turubai. Huko alikuta fomu za aina nyingine, zile za kugawa unga, na akajifunza upesi kwamba hizo huongezwa badala ya kupunguzwa. Walikuwa watu watatu; aliandika sita. Kwa ufupi, katika maisha yake yote Mzee Habarurema hakuwahi kujaza fomu kwa ukweli, wala hakuwahi kuona haya kwa hilo.

Lakini safari hii kilichotakiwa kutajwa ni kifafa cha Bénita.

Kilimwanza hukohuko Kanyaruchinya, kwenye foleni ya maji. Alianguka na dumu lake, akatetemeka, mate yakamtoka, na foleni nzima ikarudi nyuma kana kwamba ametupa moto. Tangu hapo alikuwa ameanguka mara nyingi. Alianguka darasani, na kesho yake Mama Namegabe, mama wa rafiki yake, alikuja shule kumhamisha binti yake benchi. Mara moja alianguka uso ndani ya beseni la kufulia, na Béata akamvuta kwa nywele. Kama mama huyo angekuwa nyuma ya nyumba akianika nguo, tusingekuwa na hadithi hii. Kila akizinduka, mtoto huuliza jambo lilelile kwa sauti ndogo: leo ni siku gani? Babu yake humjibu papo hapo. Pengine ndilo swali pekee ambalo Habarurema hulijibu bila kwanza kujiuliza anayeuliza anataka nini.

Miezi kumi na minne sasa hakuwa ameanguka. Kila jioni alimeza kidonge kimoja na nusu, vidonge vyeupe vidogo, na vilimshika vizuri.

"Papa, andika tu," Béata alisema. "Ile kitu banapashwa kuijua."

"Niandike kifafa, halafu? Ule mwalimu wake, siku alianguka mu classe, si alikimbia? Na yeye ni mwalimu, alisoma. Bakiona ile neno banamukata ku liste, banachukua mutoto wa mwingine."

"Na kama anaanguka kule?"

"Ataanguka na dawa anakunywa?"

Béata aliendelea kusuka bila kujibu. Alikuwa amemlea mtoto peke yake tangu mumewe aende Kampala kutafuta kazi akaipata, na mke mwingine pia, na alijua kabisa jinsi ilivyo kwa mtoto kukatwa kwenye orodha. Alitaka binti yake apande lile basi. Ndiyo maana alinyamaza, na kunyamaza huko kulimsumbua baadaye kuliko kosa la baba yake.

Mzee akajaza. Ugonjwa, *néant*. Dawa, *néant*. Kukojoa kitandani, kizunguzungu, kuzimia, *néant*, *néant*, *néant*. Kuogelea aliandika ndiyo, kwa sababu neno hapana huleta swali jingine. Kwenye swali la kumi na nne aliweka jina lake mwenyewe na namba yake ya simu, ingawa angekuwa Goma na mtoto ng'ambo ya mpaka. Akaitazama kazi yake, akaridhika.

Ikabaki dawa. Fomu ilitaka kila dawa iwe ndani ya boksi lake, yenye jina la mtoto, pamoja na karatasi ya daktari. Mzee alicheka kwa dharau. Ndosho nani anauziwa boksi? Kasereka, mwenye duka la dawa njia ya kwenda sokoni, anafungua kopo kubwa la vidonge elfu, anamwaga kiasi kwenye kisahani, anavisukuma viwili viwili kwa ncha ya kisu, anavitia kwenye kifuko cha plastiki na kuchora vijiti kwa kalamu: kimoja na nusu, jioni. Mtaa mzima unapona au hauponi kwa vijiti hivyo.

"Ya siku ishirini na tano," mzee alisema.

Kasereka akaacha kuhesabu. Ni mtu wa Butembo, na ana jicho la mfanyabiashara. "Muzee, kila wiki unachukua ya wiki. Leo ni nini?"

"Ni ishirini na tano."

"Kuko mutu anasafiri?"

"Hakuna mutu."

"Maana hii dawa, ku mupaka banaiuliza sana. Bila ordonnance, karatasi ya munganga, banaweza kamata mutu."

"Nimekuambia nasafiri?"

Wakaangaliana. Kasereka alimalizia kuhesabu, na mzee akavihesabu upya hapohapo juu ya kaunta, maana naye hakumwamini Kasereka. Nyumbani alichukua kopo la maziwa ya unga, akamwaga maziwa yote kwenye bakuli, akaweka vidonge chini vikiwa vimefungwa vizuri, akarudisha maziwa juu yake na kuyasawazisha kwa mgongo wa kijiko. Bunagana aliona watu wakificha saa ndani ya maharage na simu ndani ya sabuni. Kopo la maziwa lilikuwa kazi ya kitoto.

Akamfundisha Bénita. Kila jioni ataenda kwenye sanduku lake kama anayelamba maziwa, ataingiza vidole, atatoa dawa, atameza. Mtoto alifanya mara ya kwanza, akafanya ya pili. Ya tatu akasimama, vidole vyeupe hadi kwenye kiganja.

"Sogokuru," alisema, kama alivyozoea kumwita babu yake, "na nikianguka?"

"Hautaanguka."

"Lakini nikianguka. Nani atajua ni nini?"

"Fanya tena," mzee alisema. "Safari hii usimwage."

Jumamosi, siku mbili kabla ya safari, wazazi waliitwa kwenye ukumbi wa parokia pamoja na watoto na mizigo yao. Mbele kulikuwa na meza, na nyuma ya meza muuguzi ambaye angesafiri na watoto, mama mnene mwenye sauti kavu aitwaye Kahindo Micheline. Miguuni pake palikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli. Alieleza kwamba dawa za watoto wote zitakaa humo, na yeye peke yake atazitoa, kila moja kwa saa yake, na kuandika kwenye daftari. Habarurema aliinua mkono kabla hajamaliza.

"Kufuli iko na funguo ngapi?"

"Mbili, muzee."

"Ya pili iko kwa nani?"

"Kwa mukubwa wa programu."

"Ni nani? Anaishi wapi? Na hii daftari, nani anaisoma kisha weye?"

Micheline alijibu yote, moja baada ya jingine, bila kutabasamu. Mzee alipata mashaka zaidi: mtu asiyechoka kuulizwa ni mtu aliyejiandaa. Kisha yule mama akachukua rundo la fomu na kulipiga mezani.

"Sasa miye niulize. Niko muuguzi miaka kumi na tisa. Hapa niko na batoto kumi na mbili, na fomu kumi na mbili. Zote zinasema *néant*." Akawatazama. "Batoto ba Goma. Hakuna ata mwenye minyoo?"

Watu wachache walicheka chini chini, kisha kila mmoja akatazama viatu vyake. Habarurema aliwapima wenzake kwa jicho la pembeni. Kumbe hakuwa fundi peke yake. Mstari wa mbele alikaa Mama Namegabe, yule wa benchi, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Huyo ndiye hasa ambaye mzee hakutaka alisikie neno kifafa.

Ukaguzi wa mizigo ukaanza. Micheline alifungua begi la Bénita, akakunjua nguo, akakunja tena, akafika kwenye kopo. Alilitikisa. Akalifungua, akanusa, akatazama unga uliosawazishwa.

"Maziwa. Vizuri, huyu anahitaji kunenepa kidogo."

Akalirudisha, akafunga zipu, na begi likapita.

Mzee alihisi ile raha ya zamani kifuani, raha ya lori kupita kizuizi na dereva kubadili gia. Miaka ishirini na sita, na mkono bado haujasahau! Alikuwa karibu kumkonyeza Béata. Ndipo Micheline alipobandika ratiba ukutani na kuanza kuisoma. Asubuhi hesabu. Saa sita chakula. Saa tisa, kila siku, ziwani.

"Benye tatizo bataogelea karibu, na mutu mukubwa kwa kila mutoto. Basio na tatizo banaenda mbele kidogo, kikundi ya kwanza." Akafuata orodha kwa kidole. "Ya kwanza, Bénita."

Habarurema analijua ziwa Bunyonyi. Madereva wa Kabale walimsimulia mara nyingi jinsi kamba inavyoshushwa na kutofika chini. Lakini hakuliona ziwa. Aliliona beseni la kufulia, povu la sabuni, na nywele za mtoto mkononi mwa mama yake. Kalamu yake ndiyo iliyomwandika Bénita kikundi cha kwanza. Hakuna mwizi wa figo aliyefanya hivyo. Aliogopa, aliogopa sana, na bado ulimi ulikataa.

"Mama infirmière," alisema hatimaye, "kuko mutoto moja wa jirani. Iko na kifafa. Mutoto kama ule mungemupeleka?"

Micheline aliweka orodha chini. "Tungemupeleka. Analala kitanda ya chini. Anakunywa dawa mbele yangu. Ku maji, miye mwenyewe namushika mukono."

Maneno mazuri mno. Bunagana pia ukaguzi ulianza hivyo, kwa sauti laini: sema tu, mzee, hakuna tabu, tunataka kujua. Ukishasema, mzigo unashushwa wote chini. Habarurema aliketi. Akamwangalia Béata, na Béata alikuwa akilia bila sauti, macho kwenye begi. Akamwangalia mtoto. Bénita hakuwa akilia. Alikuwa amemkazia macho babu yake kama mtu aliyeuliza swali siku nyingi na bado anangoja.

Mzee akasimama tena.

"Fungua ile kopo."

"Nimelifungua, muzee."

"Ingiza mukono mpaka chini."

Micheline aliingiza mkono. Unga ulimwagika kwenye fomu zote kumi na mbili. Kifuko kilipotoka, Habarurema akasema kwa sauti ya kufika hadi mlangoni, akijua ni nani anasikia: "Si ya jirani. Ni ya kwetu. Bénita iko na kifafa. Miye njo niliandika *néant*, mama yake alikataa."

Mama Namegabe aligeuka. Mzee alijiandaa kwa lolote. Lakini yule mama alifungua mkoba wake, akatoa soksi iliyokunjwa, na ndani ya soksi bomba dogo la pumu. Aliliweka mezani bila kumtazama mtu. Baba mmoja mwendesha pikipiki, Damascène, akakohoa, akasema mwanawe hukojoa kitandani, halafu akakaa upesi. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakijikokota.

Kama mlitegemea Micheline angewashukuru, hamumjui. Alikasirika kweli.

"Mulitaka nipeleke batoto benu ku maji nikiwa kipofu! Miye njo ningerudisha maiti hapa, miye, si nyinyi!" Akapangusa unga mezani kwa nguvu. "Na hii ya plastiki haipite mupaka. Muzee, lundi asubuhi, mbele ya basi kutoka, nataka boksi na ordonnance. Bila hivyo mutoto anabaki."

Siku mbili hizo mzee hakukaa. Jumamosi hiyohiyo alingoja kwenye kituo cha afya hadi daktari akaandika karatasi. Jumapili baada ya misa alimkamata Kasereka mlangoni mwa kanisa, akamwambia yote, na Kasereka, akinung'unika kwamba si angesema mapema, akamtafutia boksi kwenye ghala la rafiki yake.

Jumatatu alfajiri basi lilikuwa likiunguruma mbele ya parokia. Micheline alipokea boksi, akaligeuza.

"Juu ya nini iko wazi?"

"Nilihesabu," alisema Habarurema. "Boksi ya kufungwa, nani anajua iko na nini?"

Alitegemea ugomvi. Lakini yule mama alimwaga vidonge kwenye kifuniko na kuvihesabu mwenyewe, polepole, mbele yake, kisha akaandika idadi kwenye daftari na kumpa atie sahihi. Hakumwamini hata kidogo. Hilo ndilo jambo lake la kwanza lililompendeza mzee.

Akapewa fomu mpya. Aliijazia juu ya paja, amesimama, na kwa kuwa hakuwa na uzoefu wa kuandika ukweli ilimchukua muda. Dereva alipiga honi mara mbili. Alipofika swali la kumi na nne, alisita.

"Kitambulisho yako," alimwambia Micheline.

Akampa. Mzee alinakili jina lote na namba, akazunguka nyuma ya basi akanakili namba ya gari, akamuuliza dereva jina la baba yake. Kisha akarudi, na mahali pa mtu mwenye mamlaka juu ya Bénita, hata upasuaji, akaandika: Kahindo Micheline. Mwandiko ule mzuri wenye mikia haukuonekana. Nafasi ilikuwa imekwisha, lakini chini kabisa ya ukurasa wa mwisho aliongeza mstari mmoja ambao hakuna swali lililouomba.

Micheline aliusoma akiwa tayari amekanyaga ngazi ya basi. *Akizinduka anauliza leo ni siku gani. Mwambie.*

"Na akiuliza tena?" alisema.

"Unamwambia tena," Habarurema alisema. "Kila mara, mpaka anakubali."